Kwa Nini Bugali wa Jana Ni Mgumu

Jioni mama anasonga bugali. Maji yanachemka chunguni, unga unaingia, mwiko unazunguka, na bugali unatoka laini, wenye kunyumbuka kati ya vidole. Watu wa nyumba wanakula, wanashiba. Kipande kinabaki, kinafunikwa kwa sahani. Asubuhi mtoto anafunua, na tazama, kipande kimekuwa kigumu. Hakinyumbuki tena. Ukikikunja, kinavunjika. Na chini ya sahani kuna matone ya maji.

Ukiuliza sababu, wengi watajibu: «Umekauka.» Jibu hili ni kweli nusu tu. Ngozi ya juu hukauka, hiyo ni kweli. Lakini vunja kipande katikati. Ndani bado mna unyevu, na hata hivyo ndani nako ni kugumu. Tena, yale matone chini ya sahani yametoka wapi? Bugali usiku haukunyweshwa maji na mtu.

Mwaka 1852 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alichunguza jambo hili hili katika mkate. Alifungia mkate mahali ambapo maji yake hayakuweza kutoka. Kama ugumu ungekuwa ni kukauka tu, mkate ule ungebaki laini. Haukubaki laini. Ukawa mgumu kama mkate mwingine wowote wa jana. Kisha akaupasha moto, na ukalainika tena, ingawa hakuuongezea maji. Basi ilijulikana tangu siku hizo kwamba ndani ya mkate kuna kitu kinachojipanga upya chakula kinapopoa. Kitu hicho ni kipi, ilichukua karibu miaka mia kukitambua vizuri.

Kitu hicho ni wanga.

Wanga ni ile sehemu nyeupe ya muhogo, ya mahindi, ya mchele, ya viazi. Mama akikuna muhogo mbichi, akaukamua majini na kuacha maji yatulie, chini ya beseni hukaa unga mweupe laini sana. Huo ndio wanga. Ukiutazama kwa hadubini, unaona chembe ndogo za mviringo. Chembe za wanga wa muhogo ni ndogo hata ukizipanga mstari mmoja, zinatakiwa kama 60 kujaza milimita moja.

Kila chembe imejaa minyororo myembamba, na kila mnyororo umefanywa kwa vipande vya sukari inayoitwa glukosi. Mtu akitaka kuufahamu mnyororo huo, afikiri shanga zilizotungwa katika uzi. Shanga moja ni glukosi moja. Baadhi ya minyororo ni mirefu, imenyoka bila matawi, au ina matawi machache sana. Wataalamu huiita amilosi. Katika mahindi mnyororo mmoja wa amilosi una shanga 1000 hivi. Katika muhogo ni mrefu zaidi, shanga 2600 hivi. Minyororo mingine ina matawi mengi kama mti wa mwembe, na kila tawi ni fupi, shanga 15 hadi 25 kwa kawaida. Hiyo huitwa amilopektini. Katika wanga wa mahindi, sehemu 25 hivi katika 100 ni amilosi. Katika wanga wa muhogo ni pungufu, kama 17 hadi 20.

Sasa, shanga na shanga zimeungwa kwa nguvu. Muungo huo ni kama mshono wa shati: hauachani kwa kuvuta kidogo, wala kwa maji ya moto ya jikoni. Lakini shati lina mshono, tena lina vifungo. Kifungo hufungwa na kufunguliwa mara nyingi, na nguo haiharibiki. Minyororo ya wanga nayo ina mishono na vifungo. Vifungo vyake ndivyo vinavyoitwa vifungo vya hidrojeni.

Kifungo hicho kinafanywa namna gani? Maji yenyewe yatusaidie. Molekuli moja ya maji ina oksijeni moja na hidrojeni mbili. Oksijeni ni mchoyo: huvuta umeme wa hidrojeni upande wake. Basi upande wa oksijeni hupata umeme hasi kidogo, na hidrojeni hubaki na umeme chanya kidogo. Hidrojeni iliyonyang'anywa hivyo hutazama huku na huku, na ikiona oksijeni ya molekuli jirani, huivutwa nayo. Molekuli mbili zinashikana. Huo ni mshiko dhaifu. Nguvu yake ni kama sehemu moja tu katika ishirini ya nguvu inayounga hidrojeni na oksijeni yake mwenyewe. Katika maji ya kawaida kifungo kimoja hufunguka na kufungwa upya kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho, mdogo mno hata hakuna saa ya mkononi inayoweza kuupima. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Wendell Latimer na Worth Rodebush, waliandika wazi juu ya mshiko huo ili kueleza tabia ya maji.

Shanga moja ya glukosi katika mnyororo wa wanga ina mahali patatu ambapo oksijeni imeshika hidrojeni kama katika maji. Kwa hiyo shanga moja ina vifungo vitatu vya kujishika na jirani. Mnyororo wa shanga 1000 una mahali 3000. Hapo ndipo hadithi yote ya bugali inapoanza, kwa maana kila kifungo ni dhaifu, lakini vifungo vingi vikifungwa mstari mmoja, kuvifungua vyote pamoja ni kazi kubwa.

Katika chembe ya wanga mbichi, minyororo imekwisha kufungana vizuri. Ndiyo maana unga wa muhogo katika maji baridi hauyeyuki. Unachafua maji, kisha unazama. Maji hayana nguvu ya kuingia kati ya minyororo iliyobanana. Lakini maji yanapopata moto, kila kitu ndani yake hutikisika. Molekuli za maji hupiga huku na huku, minyororo nayo hutetemeka, na vifungo huanza kuachana. Kwa wanga wa muhogo jambo hilo hutokea moto ukifika digrii 60 hadi 70 hivi. Chembe hunywa maji, huvimba, hupasuka. Minyororo hutoka nje na kuelea. Sasa kila mnyororo umezungukwa na maji, na vifungo vyake vimeshikana na maji badala ya kushikana na minyororo mingine. Ndio wakati ule mama anapoona uji unazidi kuwa mzito na kung'aa, na mwiko unakuwa mzito mkononi. Bugali umeiva.

Mtu anaweza kuuliza: kama minyororo imekwisha kushikana na maji, kwa nini iyaache? Maji si rafiki mbaya. Kila kifungo kilichoshika maji kina nguvu karibu sawa na kifungo kinachoshika mnyororo. Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo moyo wa jambo.

Bugali unapopoa, kutikisika kunapungua. Minyororo miwili inakutana kwa bahati. Kifungo kimoja kinafungwa kati yao. Kikiwa peke yake, kitaachana mara moja. Lakini kama minyororo imelala sambamba, kifungo cha kwanza kikifungwa, cha pili kipo karibu, mahali pake hasa, na cha tatu vilevile. Ni kama kufunga shati: kifungo cha juu kikikaa sawa, vinavyofuata hukaa sawa vyenyewe. Kabla cha kwanza hakijaachana, vingine kumi vimekwisha kufungwa. Na maji yaliyokuwa yameshikwa hapo yanaachiwa, yanaondoka yakiwa huru. Minyororo miwili inajisokota pamoja kama nyuzi mbili za kamba. Katika kamba hiyo, kila uzi hufanya mzunguko mmoja kwa shanga sita. Kisha kamba na kamba zinalala pamoja, ubavu kwa ubavu, zimebanana kama kuni katika mzigo, na maji machache yanabaki katika mfereji mwembamba kati yake. Mahali penye mizigo kama hiyo ndipo bugali ulipo mgumu. Na maji yaliyosukumwa nje yanaweza kuwa sehemu ya yale matone chini ya sahani.

Hakuna anayeipanga minyororo hiyo. Hakuna mkono, hakuna mwiko. Inajipanga yenyewe kwa sababu ya vifungo vyake, na pia kwa sababu kamba zake zina umbo linalofaa kulala pamoja bila nafasi tupu. Vifungo vya hidrojeni si sababu peke yake, lakini bila hivyo hakuna kamba.

Anayetaka kuona kwa macho, na apike kijiko kimoja cha wanga wa mahindi katika bilauri mbili za maji, akikoroga mpaka kitu kichemke na kuwa kama gundi. Akimimine katika bilauri na kukiacha mpaka kesho yake. Kilipokuwa cha moto, mwanga ulipita ndani. Asubuhi kimekuwa cheupe, kwa sababu mizigo ya minyororo inazuia mwanga. Na juu yake pengine kuna maji yaliyotoka. Akifanya vivyo hivyo kwa wanga wa muhogo, ataona unabaki wenye kung'aa muda mrefu zaidi.

Kwa nini muhogo unakawia? Amilosi yake ni kidogo, na minyororo yake ni mirefu mno. Mtu angedhani kwamba mnyororo mrefu, wenye vifungo vingi, ungefungana upesi zaidi. Sivyo. Mnyororo mrefu ni kama kamba ndefu ya mvuvi iliyotupwa mashuani: umejiviringa, umenaswa katika mingine, hauwezi kunyoka na kulala sambamba na mwenzake. Unafungana hapa kidogo na pale kidogo, na kufanya wavu unaokamata maji. Mnyororo mfupi ni mwepesi. Unageuka, unakutana na mwenzake, unalala naye, wanazama pamoja.

Lakini ufupi nao una mpaka. Mwaka 1987 wataalamu Gidley na Bulpin walitangaza kazi waliyoifanya kwa minyororo mifupi sana, wakiitenga kwa urefu wake: ya shanga sita, ya saba, ya nane, na kuendelea. Waliona kwamba mnyororo wenye shanga chini ya 10 hauwezi kufanya kamba na mwenzake wa urefu uleule. Vifungo vyake havitoshi. Vikifungwa, kutikisika kwa maji kunavifungua vyote kwa mara moja. Mnyororo wa shanga 10 unaweza. Tofauti ya shanga moja tu, na jambo lote limebadilika! Hata hivyo minyororo ya shanga sita hadi tisa haikukataliwa kabisa: ikichanganywa na ile mirefu kidogo, inapata nafasi katika mizigo ya mirefu. Miaka miwili baadaye wataalamu hao hao walieleza habari za urefu mkubwa. Minyororo ya shanga chini ya 110 hivi inakusanyika na kuzama chini kama ungaunga. Ile inayozidi 1100 hufanya hasa mtetemo mgumu kama ute uliogandamana, yaani ule wavu wenye maji. Katikati ya hizo mbili, mambo yote mawili hutokea pamoja.

Kwa hiyo katika sahani ya bugali kuna kazi mbili zinazoendelea. Ya kwanza ni ya amilosi. Hiyo ni ya saa chache tu, na inamalizika karibu yote kabla ya mapambazuko. Ya pili ni ya matawi mafupi ya amilopektini. Hayo yamefungwa kwenye shina lake, hayawezi kutembea huru, basi yanajipanga polepole kwa siku nyingi. Mkate wa siku tatu ni mgumu kuliko wa jana kwa sababu hiyo.

Na mchele? Katika nchi ya Laos watu hula mchele unaonata, ambao karibu hauna amilosi kabisa. Hata ukipoa, hubaki wenye kunata muda mrefu. Mchele mwingine wa punje ndefu, wenye amilosi nyingi, hutengana punje na punje, na ukilala usiku huwa mgumu kama changarawe ndogo. Ni wanga ule ule; kinachotofautiana ni minyororo.

Watu wengi hupasha bugali wa jana, au huukata vipande na kuvichemsha. Unalainika, lakini haurudi kuwa kama wa jioni. Sababu yake sasa inafahamika. Mizigo ya matawi mafupi ya amilopektini inaachana moto ukifika digrii 50 au 60. Hiyo inarudi laini upesi. Lakini kamba za amilosi zina vifungo vingi mfululizo, na haziachani mpaka moto upite digrii 120. Maji ya chungu hayafiki huko. Pwani ya bahari yanachemka kwa digrii 100. Huko Bukavu, penye urefu wa mita 1500 hivi juu ya bahari, yanachemka kwa 95 tu. Basi sehemu ya ugumu inabaki, hata moto uwe mkali namna gani. Kamba hizo hizo zinapita pia tumboni bila kumeng'enywa upesi, na kwa hiyo bugali au mchele uliopoa hutoa sukari mwilini kidogo kidogo zaidi kuliko ule wa moto.

Baridi nayo ina tabia ya ajabu. Chakula chenye wanga kikiwekwa katika friji, penye digrii 4 hivi, kinakuwa kigumu upesi kuliko kikiachwa juu ya meza. Kikigandishwa kabisa kuwa barafu, kazi ya kujipanga karibu inasimama, kwa maana minyororo haiwezi tena kusogea. Lakini chakula kilichopikwa kisiachwe mezani kwa kuogopa ugumu; vijidudu vinapenda joto, na ugumu haujamwua mtu.

Usidhani kwamba kujipanga kwa minyororo ni hasara siku zote. Wanawake wa Kongo wamekuwa wakikutumia tangu zamani. Tazama kwanga. Muhogo unalowekwa majini siku kadhaa mpaka ulainike na sumu yake itoke. Unapondwa, nyuzi zinatolewa, unapikwa kidogo na kukandwa, kisha unafungwa katika majani na kupikwa tena kwa mvuke. Unapopoa ndani ya majani, minyororo inafungana, na kwanga inakuwa imara, inakatika kwa kisu, inabebeka safarini. Wasafiri wa mashua katika mto Kongo huila baridi siku nyingi baada ya kupikwa. Kama wanga usingejipanga, wangebeba uji.

Vilevile shati la Jumapili. Mfuaji hupika wanga mwepesi, huchovya kola, huanika, kisha hupiga pasi. Nguo inasimama kama ubao. Pamba yenyewe ni minyororo ya glukosi, ndugu ya wanga, isipokuwa kila shanga imegeuzwa kinyume cha mwenziwe. Kugeuka huko tu kunafanya mnyororo unyoke kama fito badala ya kujisokota, na fito zilizonyoka hufungana kwa nguvu hata maji yanayochemka hayazifungui. Ndiyo sababu shati halivimbi na kuwa uji katika beseni la kufulia! Lakini nje ya kila uzi wa pamba vimebaki vifungo vitupu. Wanga unavishika, maji yanaondoka kwa moto wa pasi, na kola inakaa jinsi ilivyonyoshwa mpaka jasho au mvua ilete maji mapya ya kuvifungua.

Linabaki jambo moja, nalo ni kubwa kuliko kola na kuliko bugali wa jana. Ni uji wa mtoto mchanga.

Mtoto akifika miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi. Anapewa uji. Tumbo lake ni dogo. Halipokei zaidi ya kikombe kimoja kwa mara moja, na pengine chini ya hapo. Na hawezi kutafuna, basi uji lazima uwe mwepesi. Mama anatia unga kidogo, sehemu 5 au 7 katika 100, na kilichobaki chote ni maji. Akitia unga zaidi, minyororo inavimba na kushikana, uji unakuwa bugali, mtoto anautema. Basi mtoto anakunywa, tumbo linajaa, analala. Lakini alichopewa hasa ni maji. Wiki zinapita. Uzito hauongezeki. Mama anasema, «Anakula vizuri,» na hasemi uongo. Tumbo linajaa kweli kila siku, lakini mwili haupati chakula cha kutosha.

Dawa ya jambo hili imo ndani ya nafaka yenyewe. Punje ya mtama au ya ulezi ikilowekwa na kuachwa ichipue siku mbili tatu, hufanya kitu kinachoitwa amilasi. Kazi ya amilasi ni kukata mishono ya wanga. Mmea mchanga unahitaji sukari ili ukue, na amilasi inaukatia. Punje iliyochipua, ikikaushwa na kusagwa, huitwa kimea. Watengeneza pombe wanakijua siku nyingi. Mate ya mtu nayo yana amilasi: tafuna bugali polepole bila kumeza, na baada ya kitambo kidogo utaonja utamu.

Mama akipika uji mzito sana, wenye unga mara mbili au mara tatu kuliko desturi, akauondoa motoni na kuuacha upungue joto kidogo, kisha akakoroga kijiko kimoja cha unga wa kimea, anaona jambo la kushangaza. Kabla ya muda mrefu kupita, uji ule uliokuwa haumiminiki unakuwa mwepesi, unatiririka kutoka kijiko. Hakutia maji. Amilasi imekata minyororo mirefu vipande vifupi, vingine vya shanga mbili, tatu, tano tu. Vipande vidogo hivyo vi chini ya mpaka ule wa shanga kumi. Haviwezi kusokotana, haviwezi kufanya wavu, haviwezi kukamata maji. Chakula chote kimo kikombeni. Kilichoondoka ni uzito wa kushikana tu. Na uji huo, hata ukipoa, haugandi kama ule mwingine.

Katika Tanzania, Mosha na Svanberg walipima uji wa namna hiyo na kuandika habari zake mwaka 1983. Walionyesha kwamba kwa kimea kidogo mama anaweza kutia unga mwingi zaidi sana katika kikombe kile kile, na mtoto bado akaweza kuunywa. Huko Katanga, watu walikuwa na maarifa ya jamii hiyo muda mrefu kabla ya vipimo vyovyote: wanaopika munkoyo hutia mizizi fulani ya porini katika uji wa mahindi uliopikwa, na uji unakuwa kinywaji chepesi chenye utamu. Mizizi hiyo ina amilasi.

Mambo machache hayana budi kuangaliwa. Kimea kisitiwe wakati uji unachemka kwa nguvu, kwa maana moto mkali unaua amilasi kabla haijafanya kazi. Uji ukiisha kuwa mwepesi, urudishwe motoni uchemke tena, kwa sababu punje zilizolowekwa na kuchipuzwa hubeba vijidudu. Machipukizi na mizizi midogo ya mtama yang'olewe na kutupwa kabla ya kusaga: yana sumu ya jamii ya ile ya muhogo mchungu. Wala kimea hakiongezi kile ambacho unga hauna. Unga wa muhogo una nguvu nyingi lakini haujengi mwili. Kikombe cha mtoto kinataka pia karanga zilizopondwa, au maharagwe, au dagaa waliosagwa, au yai.

Kijiko cha kimea hugharimu kidogo. Konzi chache za ulezi zinatosha kwa mtoto mmoja siku nyingi, zikikaushwa vizuri juani na kuwekwa mahali pasipo unyevu.